Makopo Mawili ya Rangi kwa Mji Mzima

Jumatatu, 3 Machi

Leo ni siku kubwa. Naiandika kwa kalamu mpya.

Mhandisi wa mji ametuita ofisini kwake, mimi na Nadhifu. Mimi ni Kaimu Msimamizi wa Barabara. Kaimu miaka sita sasa. Kuna watoto waliozaliwa nikiwa kaimu na leo wanasoma na kuandika. Nadhifu ni Msimamizi wa Mitaro, wala hana kaimu. Anashinda kwenye matope na hatoki hata na tone. Shati limenyooshwa, viatu vinang'aa. Mtu wa mitaro anayenukia sabuni! Kuna jambo hapo.

Mhandisi si mama wa maneno mengi. Ukutani ana kalenda kubwa ya barabara zetu. Miezi ya vumbi tunamwagia maji na kuweka lami mpya. Kabla ya mvua tunaziba mashimo na kuzibua mitaro. Mvua ikianza tunakimbia huku na huko. Ikiisha tunafyeka nyasi na kuanza upya. Alisema mvua itafika baada ya wiki mbili. Alisema pia amechoka na wasimamizi wawili wanaotupiana lawama. Sasa anataka Msimamizi Mkuu mmoja, wa misimu yote. Mvua ya kwanza ikishanyesha atazunguka mji kwa miguu, aone kazi ya nani imesimama, kisha ataandika jina.

Msimamizi Mkuu! Na hakuna Kaimu Msimamizi Mkuu. Nilimuuliza mara mbili.

Mama mkwe yuko kwetu tangu mwezi uliopita, magoti yanamsumbua. Kila jioni nikiingia, salamu zikiisha, huuliza kwa adabu zote kama mkwe wake ameshathibitishwa. Mke wangu huinamia cherehani nisione anavyocheka. Leo nilimwomba mama avute subira wiki mbili tu. Akasema subira si tatizo, ameshaizoea.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata mpango. Nikiutazama najiogopa mwenyewe.

Mji wetu una sehemu mbili, kilimani na bondeni. Kilimani maji hayakai. Yanateremka bondeni, kila mwaka, bila kukosea njia. Na siku zote watu wangu wameziba mashimo mji mzima, watu wa Nadhifu wamezibua mitaro mji mzima. Asubuhi nikampelekea Mhandisi pendekezo: tugawane mji badala ya kugawana kazi. Mmoja kilimani, mmoja bondeni, kila mmoja afanye yote, mashimo na mitaro. Uwajibikaji, nikasema. Hilo neno wakubwa hawana ubavu wa kulikataa. Akakubali.

Kisha nikaomba kwa unyenyekevu nipewe kilima, maana kupanda ni kazi nzito na sitaki kumtesa mwenzangu. Nadhifu akanishukuru! Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Amebeba bonde zima na madimbwi yake, na anashukuru.

Kasoro moja. Nyumba yangu iko bondeni. Mke wangu anashonea chumba cha mbele, na mlangoni pana shimo analonilalamikia tangu mwaka juzi. Mimi mwenyewe nililijaza udongo na matofali mabovu, ili nipate amani. Sasa shimo hilo ni la Nadhifu. Mke wangu akauliza, kwa hiyo nimemgawia mwanamume mwingine mlango wake? Nikamwambia haelewi mikakati.

Jumatano, 5 Machi

Bwana Stoo ametoa makopo mawili ya rangi nyeupe kwa mji mzima. Mawili! Nikitaka la tatu niende na barua.

Mimi ndiye ninayetangulia kuweka alama, kilimani na bondeni, kwa sababu ya mwandiko wangu. Penye shimo naandika ZIBA. Penye mdomo wa mtaro, yaani lile tundu la ukingoni ambalo maji huingilia, naandika ZIBUA iwapo umejaa taka. Na yote imejaa taka. Mtaa wa kwanza tu, rangi imeshuka robo kopo. Nikakaa ukingoni nikapiga hesabu. Herufi nne hapa, tano pale, alama mia moja arobaini na nne. Haifiki.

Ndipo akili ikaniwaka. Kwa nini niandike neno zima? ZIB. na nukta. Basi! Shimo litajulikana ni shimo, mtaro utajulikana ni mtaro. Tunafanya kazi na watu wazima. Hata mtaa wa kwanza nimekwangua mikia ya maneno, alama zote zifanane.

Nimezikondesha herufi kidogo, nikamaliza mji wote kwa kopo moja. La pili nimelirudisha stoo kwa mkono wangu. Bwana Stoo hajawahi kurudishiwa kitu tangu aajiriwe. Alilitikisa, akalinusa, akaliweka peke yake kwenye rafu ya juu.

Jumamosi, 8 Machi

Mambo yananyooka!

Kikosi changu kinaongozwa na mzee tunayemwita Kokoto. Ameziba mashimo kwa lami tangu ujana wake, na kazi nyingine haijui wala haitaki. Leo ameleta taarifa. Siku tatu, kilima chote, sitini na matatu. Sitini na matatu! Mashimo niliyoyahesabu mimi ni arobaini. Nikamuuliza kama alama zote zimefanyiwa kazi. Zote, akasema, hakuna ZIB. hata moja iliyosalia. Akaeleza kwamba mengine yalikuwa ukingoni kabisa, ya kina kirefu, yanameza lami toroli kwa toroli, lakini vijana hawakukata tamaa. Nimewanunulia soda. Nikapita mwenyewe kutazama. Barabara nyororo kutoka ukingo hadi ukingo. Huoni hata tundu la kupitisha kidole.

Huko bondeni Nadhifu ameripoti kwamba watu wake wamezibua themanini na moja. Bonde lote lina midomo ya mitaro thelathini na mitano, nimeiandika kwa mkono huu. Kumbe viatu vinang'aa lakini ulimi haung'ai! Nimefurahi kiasi kwamba nimekula sahani mbili.

Mke wangu anasema watu wa Nadhifu walifika mlangoni kwetu, wakasoma alama, wakachimba shimo letu. Wametoa udongo wangu wote na matofali yangu yote, wakafagia mpaka likang'aa, wakaondoka wanapiga mluzi. Sasa linamfika magotini. Nikamtuliza kwamba ndio utaalamu wenyewe. Unasafisha kwanza, kuziba kunafuata. Alinitazama kama anavyomtazama mteja anayesema vipimo vyake havijabadilika.

Jumatatu, 10 Machi

Nimechukua hatua kuhusu uongo wa Nadhifu.

Nimemwandikia Mhandisi barua kwa jina la Mwananchi Mwenye Uchungu, nikieleza kwamba idadi ya mitaro bondeni imetiwa chumvi. Nimetumia mkono wa kushoto. Ukurasa mmoja na nusu, mpaka bega likauma. Nikaipenyeza chini ya mlango wake kabla watu hawajafika.

Saa nne akaniita. Barua iko mezani, makosa matatu yamesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Akaniomba nimfikishie Mwananchi. Akaongeza kwamba safari nyingine Mwananchi asitumie karatasi zenye jina la idara yangu juu.

Nikamjibu kwamba nitajitahidi kumtafuta.

Jumatano, 12 Machi

Nadhifu alikuja ofisini kwangu. Alibisha hodi na mlango uko wazi, ndiyo tabia yake. Akaniuliza taratibu kama ile ZIB. yangu ina maana moja au mbili, maana vijana wake wanauliza, na yeye juma lote alikuwa na homa, hakushuka bondeni kuona kwa macho.

Sikuzaliwa jana, ndugu zangu. Nikamsoma papo hapo. Anataka kuniibia mfumo! Leo maana, kesho atamwambia Mhandisi aliubuni yeye. Nikamjibu kwamba iko wazi kwa mwenye kutaka kuelewa. Akasema sawa kaka, akanishukuru, akaondoka anakohoa.

Nimemmaliza kistaarabu.

Alhamisi, 13 Machi

Mikono imejaa malengelenge. Nitaandika hivyo hivyo.

Mvua imeshuka saa mbili asubuhi, siku nne kabla ya ahadi. Nilichukua mwavuli nikapanda kilimani kujionea ushindi wangu. Kokoto alikuwa hapo amesimama, kifua mbele. Barabara nyeusi, zinapendeza. Na maji yanakuja. Yanapita juu ya lami, yanafika ukingoni, yanatafuta pa kuingilia, hayapaoni, yanaendelea. Kila mtaa unaongeza yake. Nikamuuliza Kokoto midomo ya mitaro iko wapi. Akanionyesha kwa fahari. "Hapo bosi, palikuwa na shimo baya sana. Mpaka vyuma walikuwa wameliwekea juu watu wasitumbukie. Tumeving'oa vile vyuma, tumeliziba safi."

Nikatazama chini. Nusu ya juu ya alama yangu ilikuwa imebaki nje ya lami, bado inasomeka. ZIB.

Watu wanaojua kuziba wameziba kila kitu. Basi na watu wanaojua kuzibua, huko bondeni, wamezibua kila kitu! Nikatupa mwavuli nikakimbia kuteremka. Maji nayo yanateremka. Yalinipita njiani.

Bondeni mitaro ilikuwa safi kweli, lakini ingetosha maji ya bonde, si ya kilima kizima. Na chini ya maji yale kulikuwa na mashimo arobaini na sita yaliyofagiliwa vizuri. Mwuza magazeti alipiga hatua moja akabaki kichwa na mabega. Mimi nilitumbukia mara nne, na la nne ni la mlangoni kwangu.

Ndani, mke wangu amesimama juu ya benchi, amenyanyua gauni la bibi harusi juu kwa mikono miwili. Harusi ni Jumamosi. Nguo nyingine za wateja zinaelea. Mama mkwe amekaa juu ya meza ya kukatia, miguu ameikunja. Akanisalimia. Kisha akauliza kwa heshima, "Mkwe wangu, ndiyo hii mvua uliyosema niisubiri?"

Mke wangu aliniangalia mara moja, akarudisha macho kwenye gauni. Angenigombeza ningefurahi. Mikono yake hakuishusha. Miaka sita anashona mpaka macho yanamwuma huku mimi nahangaika na kilemba cha ukoka, na leo nimemletea mto ndani ya nyumba. Nililia. Mvua ilinisitiri.

Nadhifu akatokea mlangoni. Matope yalimfika kifuani, nywele zimesimama, bado ana homa. Sikumtambua. Alikuwa na patasi mbili na nyundo mbili. Akanipa moja moja, akasema twende juu kaka, tuanze na mtaa wa juu kabisa. Tukapanda. Kokoto na vijana wakatufuata na sururu. Tumevunja lami kwenye midomo ishirini na mitatu, mmoja baada ya mwingine, tukiwa tumepiga magoti ndani ya maji, mpaka saa kumi jioni. Kila mdomo uliofunguka ulivuta maji kwa mlio, na kila mara Nadhifu alisema mwingine huo.

Tulipofika wa mwisho, Mhandisi alikuwa amesimama hapo na buti za mpira. Akauliza nani aliandika ZIB. Nikaanza na Bwana Stoo na makopo yake mawili. Nikaendelea kidogo na ubora wa rangi. Kisha nikamwona Nadhifu anafuta pua kwa mkono wa shati lake, shati lile. Nikasema ni mimi. Peke yangu.

Nadhifu akadakia kwamba tulikubaliana wote wawili. Si kweli. Hatukukubaliana chochote.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeshinda ndani napiga pasi nguo za wateja. Gauni la harusi limepona. Mke wangu amezungumza nami mara mbili. Mara ya kwanza kuniambia pasi ina moto sana, mara ya pili kuniambia nile.

Ninajisikia vibaya. Naandika wazi, hakuna anayesoma humu.

Kinachonisumbua ni Nadhifu. Kwa nini alisema vile? Nilimuuliza mke wangu. Akasema kwa sababu ni mtu mwema. Nikamwambia hakuna mtu mwema wiki ya kupandishwa vyeo. Akachukua pasi akaniambia nikapumzike.

Nimechambua kosa lenyewe kwa makini, kitaalamu, bila kujihurumia. Ni ile Z. Ni herufi ya hila. Nimeapa mbele ya mama mkwe kwamba sitafupisha tena, maisha yangu yote, neno lolote linaloanza na Z. Mama mkwe alisema ni kiapo kizuri, akaomba maji ya kunywa.

Jumatatu, 17 Machi

Uamuzi umetoka. Msimamizi Mkuu ni Nadhifu.

Nilikuwa nimejiandaa kutokuonyesha chochote usoni, nikaonyesha kila kitu. Mhandisi alitaka nihamishiwe kufyeka nyasi za uwanja wa michezo. Nadhifu akasimama, shati limenyooshwa tena, akasema anamhitaji mtu anayejua kila shimo la mji huu kwa sura. Wakateta. Mwisho nimebaki palepale, kaimu, chini yake. Mhandisi amesema msimu wa lami mpya ukipita bila kosa langu hata moja, atanithibitisha. Msimamizi Msaidizi. Bila kaimu! Likitokea kosa, nyasi zinanisubiri.

Nikamshukuru Nadhifu. Ilikuwa kama kumeza kokoto, lakini nilimshukuru. Akaniuliza shimo la mlangoni kwangu alizibe lini. Jioni alikuja mwenyewe na toroli ya lami. Mke wangu akamkaribisha chai. Mama mkwe akamsifia viatu.

Ijumaa, 4 Julai

Miezi mitatu na nusu bila kosa! Nimemwagia vumbi maji, nimefyeka nyasi, nimesimamia lami mpya mtaa kwa mtaa. Nadhifu amenisifu mbele ya watu mara mbili. Bado namchunguza.

Leo ndiyo kazi ya mwisho ya msimu. Mitaa sita ya kati imemwagwa lami mchana huu. Mitaa sita ya pembeni, iliyokwisha kukauka, inafunguliwa ili magari yapite huko. Kazi yangu ni vibao tu. Kazi ambayo hata mgonjwa angeifanya kitandani. Jumatatu Mhandisi anatia sahihi barua yangu. Mama mkwe, magoti yakiwa yamepoa, anarudi kwake Jumatatu jioni, na amesema angependa kuondoka na habari.

Kwa hiyo nimekuwa mwangalifu mno. Seremala ameleta mbao fupi. BARABARA IMEFUNGWA imenitokea ukingoni kwa herufi moja na nusu, na BARABARA IMEFUNGULIWA ndiyo kabisa haiingii. Nadhifu akashauri nipunguze ukubwa wa herufi, au niandike mistari miwili. Ndiyo shida ya watu wa mitaro, hawana jicho. Dereva haheshimu herufi ndogo. Nikamwambia asihangaike, aniachie mimi. Akaniachia. Ameanza kuniamini.

Nimetulia, nimefikiri, nimekumbuka kiapo changu. Nimepitia maneno yote herufi kwa herufi. Moja linaanza na B, lingine na I. Z haimo popote. Nikachovya brashi.

BARABARA IMEFUNG.

Vibao kumi na viwili, sita mitaa ya kati, sita mitaa ya pembeni. Nimerudi nyuma hatua kumi nikavitazama. Vinafanana kabisa, vinasomeka kutoka mbali, na rangi imebaki. Nimefika nyumbani nikamwambia mama mkwe anunue kitambaa cha sherehe kabisa, mke wangu amshonee kabla ya Jumatatu. Mke wangu ameniuliza nimeandika nini kwenye vibao, nikamwambia nimeandika kinachotakiwa.

Lami ya mitaa ya kati bado ni laini kama uji, inataka siku mbili bila gurudumu. Malori ya sokoni yanaanza kupita kesho saa kumi na mbili asubuhi.